Mzinga wa Tabarno

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Mei, saa kumi alasiri. Binti yangu Tabarno alikwenda kuchota maji mtoni, ndani ya msitu wetu, na hakurudi. Tulimpata kesho yake chini ya mti, ndoo iko kando yake, imejaa. Sitasema zaidi ya hapo. Mungu aliona.

Kaeni basi mnisikilize, wakubwa kwa wadogo. Nina wanawake watatu wa kuwasimulia, na jambo moja lililonishinda.

Wa kwanza ni Kogo Tapsubei. Kogo ni bibi kwa lugha yetu. Kipaji chake ni mluzi. Baba yake hakupata mtoto wa kiume, akamfundisha yeye ule mluzi mrefu ambao warina asali huitana nao bonde hadi bonde.

Wa pili ni Chemosong, msichana wa darasa la saba. Kipaji chake ni ubishi. Ukimwambia usiguse, ameshagusa.

Wa tatu ni jirani yangu, Mama Leboo. Kipaji chake ni miguu. Hata ugali hula amesimama, kama mtu anayengoja kuitwa.

Sasa mjue desturi yetu. Mrina asali akipatwa na shida msituni hupiga mluzi, na kila anayesikia huacha kazi na kukimbia. Hata adui yake hukimbia. Lakini mwanamke hapigi mluzi. Wazee wanasema nyuki watahama. Siku ile wanaume walikuwa wanarina ng'ambo ya mto, karibu kabisa. Walisikia kelele za Tabarno. Walidhani wasichana wanacheza. Mluzi mmoja ungewaleta, na mwanangu alikatazwa mluzi tangu alipoanza kuota meno.

Nilikwenda kituoni. Askari hakuinuka kitini.

"Mama, watoto wa msituni hawapotei. Wanaolewa."

"Huyu amekufa, afande. Tumemlaza nyumbani."

"Shahidi yuko wapi?"

Aliyemuua tulimjua. Alikuwa na lori la magogo, na alama za tairi zake zilikuwa pale mtoni. Alishikwa, akaachiliwa. Alipopita mbele ya nyumba yangu alipiga honi.

Tabarno alikuwa na mzinga wake mwenyewe, aliochongewa na babu yake. Hakuna msichana mwingine msituni mwenye mzinga. Siku ya mazishi, mbele ya padri na jeneza, niliapa: atakayeikata njia ya mtu huyu asidhuru tena, mzinga ni wake.

Kogo Tapsubei alianza. Kila Jumapili baada ya misa aliwapanga wasichana nje ya kanisa na kuwafundisha mluzi. Mzee Lesingo akaja na fimbo yake.

"Tapsubei! Unataka nyuki wahame?"

"Nyuki wapo, Lesingo. Aliyehama ni Tabarno."

"Utatuletea laana."

"Laana ilishakuja na lori. Sogea, unawazibia watoto jua."

Wazee wakaamua asipelekewe asali na nyumba yoyote. Kwetu mzee kunyimwa asali ni kama kuzikwa akiwa hai. Kogo hakuacha kufundisha.

Kisha Chemosong. Yule mtu alimkamata kwenye mto uleule, akamziba mdomo. Chemosong akamng'ata kidole. Mkono ulipolegea, hakupiga kelele. Alipiga mluzi, ule mrefu, mpaka mwisho. Mtu yule akampiga ngumi, meno ya mbele yakatoka. Leo Chemosong akijaribu mluzi, hutoka upepo mtupu.

Mluzi ulisikika mashamba yote. Wanaume waliinua vichwa. "Huo ni wa mwanamke," mmoja akasema, wakainama tena. Nawajua kwa majina, na kanisani tunapeana mkono wa amani. Mungu anisamehe, mkono wangu huwa baridi.

Mama Leboo alikuwa anapalilia viazi. Alikimbia peke yake, na jembe lake. Mtu yule alikuwa na panga. Alimkata begani, lakini Mama Leboo aliushika mguu wake na hakuuachia mpaka sisi wanawake wengine tulipofika. Mkono wa bega lile hauinuki tena.

Tulimfunga kwa kamba ya kupandia mizinga, tukampeleka kituoni. Askari alikuwa yuleyule.

"Shahidi yuko wapi?" akauliza.

"Hesabu," nikamwambia.

Tukakaa mlangoni, kila mtu na kanga yake, hakuna kuingia, hakuna kutoka, mpaka alipoandika kesi zote mbili, ya Chemosong na ya Tabarno. Sasa mtu yule amefungwa. Safari hii hakupiga honi.

Limebaki deni langu kwa Mungu. Miti imeanza kutoa maua, na nyuki hawangoji. Mzinga lazima uwe na mwenyewe kabla hawajaingia, na mwenyewe ni mmoja, maana akipanda mti hujitambulisha kwao kwa sauti yake. Ukiupasua mara tatu utapata kuni.

Mzee Lesingo ametuma neno kwamba mzinga urudi kwa ukoo. Nilimjibu kwamba ukoo uliinua kichwa, ukainama tena.

Jana niliwaita wote watatu.

"Nipe mimi," akasema Kogo Tapsubei. "Bila mimi mtoto huyu angelia kama Tabarno, na mngedhani anacheza. Tena nataka kuonja asali kabla meno hayajaisha."

"Meno yapi, Kogo?" akauliza Mama Leboo.

"Haya ya kukung'ata wewe. Na mti utaupanda kwa mkono gani?"

"Huuhuu mmoja. Mluzi usio na mtu wa kuuitikia ni kelele tu. Wengi walisikia. Aliyekwenda ni nani?"

Chemosong alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, kama afanyavyo siku hizi. Akakiondoa.

"Mluzi wa kujifunzia kanisani ni rahisi," akasema. "Mimi nilipiga huku mkono wake mwingine uko shingoni mwangu. Nisingepiga, Mama Leboo angekuwa bado anapalilia viazi."

Tulicheka, mimi pia. Sikuwa nimecheka tangu Mei. Lakini kila mmoja alisema kweli.

Mmoja alifundisha, akanyimwa asali. Mmoja aliita, akapoteza mluzi. Mmoja aliitikia, akapoteza mkono. Nyinyi mnaonisikiliza, ingekuwa kiapo ni chenu na maua yameshachanua, mzinga wa Tabarno mngempa nani?

Fikirini. Ila kwanza simameni, tumwombee.

Ee Mungu, uliyesikia sauti yake siku ile sisi tulipodhani ni mchezo, mpokee Tabarno. Mfute vumbi la mtoni. Mweke mahali ambapo msichana akiita, anaitikiwa. Amina.