Kiboko na Ajenda ya Mengineyo

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mitaa na manispaa yao, Mzee Kiboko alilikalia bwawa pekee la mji. Alilikalia kweli, kwa makalio! Ole wako akukute na kata ya kuchotea maji.

"Mzee, naomba maji kidogo tu," alilia Bi Pimbi. "Wanangu ndimi zimewakauka."

"Toka! Maji yangu haya!" Puuu! Akampulizia tope.

Bi Pimbi alikuwa mdogo kama kiatu cha baba yenu, lakini kichwani zimo. Kesho yake akaanzisha chama. Alama yake kata. Salamu yake "Kiu!" na wanachama huitikia "Iisheee!" Kadi zilikuwa majani ya mgomba. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa na kadi, isipokuwa Mbuzi, aliyekula yake.

Kiboko akashikwa na wivu. "Mwenyekiti wenu nani?"

"Kiti kiko wazi, Mzee. Tunatafuta mwenye mwili."

"Mwili si huu hapa!" Akatoka bwawani, churuu, akaketi.

"Sheria yetu, Mzee: mwenyekiti hanyanyuki kabla ya kufunga kikao. Akinyanyuka, kiti si chake tena. Na kikao hakifungwi kabla ya mengineyo kwisha."

Mengineyo ya vikao vya watu wazima mnayajua? Hayaishi! Wewe hapo nyuma, ngoja, usicheke bado.

"Mengineyo!" akasema Kobe, akaanza habari za harusi ya babu yake. Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka.

"Nifunge sasa?"

"Bado, Mzee," akasema Bi Pimbi. "Halafu tazama Nyati anavyokikodolea macho kiti chako."

"Thubutu!" Kiboko akaking'ang'ania kwa miguu yote minne.

Nyuma yake, chaka-chaka-chaka, wanachama walikuwa wanachimba mfereji. Maji yakashuka mitaani, chururu! Kila aliyeyaona alitupa kadi akakimbilia kunywa. Kobe naye akamwacha babu yake mlangoni kwa wakwe, akaondoka.

"Kiu!" alinguruma Mwenyekiti.

Chama kilikuwa kimekwisha.

"Jamani, kiu!" Safari hii alisema kweli. Akageuka: bwawani limebaki tope. Akanyanyuka mwenyewe, hakuna aliyemsukuma, akamfuata Bi Pimbi mferejini.

"Karibu, Mzee," akasema Bi Pimbi. "Foleni inaanzia nyuma ya wanangu."

Basi, wanangu, shikeni hili: anayeng'ang'ania kiti hukimbiwa na bwawa.