Nesi Waliyemwomba kwa Mungu

Wapendwa, kabla sijafungua neno la leo, kuna jambo linanikera, na siwezi kuhubiri nikiwa nalo kifuani. Kila tukikutana tunaulizana: kwa nini madaktari na manesi hawakai huku kwetu? Wanaletwa leo, kesho wamehama. Na majibu tunayo tayari: wanapenda mjini, wanapenda raha, vijana wa siku hizi hawana wito. Haya. Basi nisikilizeni.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha milimani, kwa wakulima wa viazi, kule ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Watu wake walijenga zahanati kwa nguvu zao wenyewe. Wanawake walisomba mchanga kutoka mtoni, wanaume wakafyatua matofali. Jengo likaisha, likapakwa rangi, likakaa miaka mitatu bila mtumishi. Mama mmoja akafia njiani akipelekwa hospitali ya wilaya kujifungua, amebebwa kwenye machela ya miti. Baada ya mazishi yale, kanisa zima likafunga siku saba. Bwana, tupe nesi. Hata mmoja tu.

Bwana akawapa. Alifika mwezi wa sita, baridi inauma, amepanda lori la mbolea. Jina lake Veridiana, mwenyeji wa Bukoba, hajawahi maishani mwake kuvaa masweta mawili kwa pamoja. Vigelegele vilisikika mpaka bondeni.

Alikuwa mtu wa namna gani? Msidhani alikuwa malaika. Alisomea uuguzi kwa sababu shangazi yake alikuwa nesi na sare ilimpendeza. Mwenyewe alilisema hilo huku akicheka. Milimani hakuchagua kuja, alipangiwa. Lakini wiki ya pili akazalisha mtoto aliyetoka kimya. Akamsugua mgongo, akampulizia hewa, akamsugua tena, mpaka mtoto akalia. Tangu siku ile hakuwa tena mtu wa kupangiwa. Kuna watu wito huwatangulia, na kuna wengine wito huwakuta kazini.

Sasa, nyumba ya mtumishi ilikuwa hatua ishirini tu kutoka zahanati. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati mawili. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa amemwacha Bukoba kwa bibi yake, akisubiri nyumba itengenezwe ndipo amlete. Akamwendea mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, nesi wetu."

"Mvua inaingia chumbani. Nimesogeza kitanda mara tatu, sasa sina pa kukisogeza."

"Vumilia, mwanangu. Tumeandika barua wilayani. Wewe ni mtumishi wa serikali, na nyumba ile ni ya serikali."

"Lakini ni mabati mawili tu, mzee. Nikipata hata fundi mmoja..."

"Kazi yenu ni wito, nesi. Mungu atakulipa."

Mmesikia? Wito! Neno zuri sana hilo. Lakini halizuii mvua.

Akarudi kazini. Rafiki yake waliyesoma pamoja, Edina, akampigia simu kutoka mjini. "Njoo huku, Veri. Wodi ya wazazi kuna nafasi. Mshahara ni huo huo, lakini nyumba ipo, na shule ya mtoto iko jirani."

"Kesho naandika barua ya uhamisho," akasema.

Kesho yake akaiandika. Kesho kutwa akaichana, maana kulikuwa na mama mwenye mimba ya mapacha, na nani angemzalisha? Mwezi uliofuata akaandika nyingine. Hiyo nayo akaichana, kwa sababu surua ilikuwa imeingia kitongoji cha pili. Hakutulia. Anaanza kufua, anaacha nguo kwenye beseni. Anakaa kula, anasimama. Mwanawe akimuuliza kwenye simu, "Mama, bati wameweka?" anajibu, "Bado kidogo." Ndugu zangu, nesi yule alisema "bado kidogo" kwa miaka miwili.

Ikaja masika ya mwaka wa pili. Kitanda kikalowa, blanketi likalowa, na homa ya mapafu ikamwangusha. Akalala siku nne hawezi kuinuka. Simu iliisha chaji, na sauti yake haikuvuka ukuta. Lakini masikio yalikuwa yanasikia. Akasikia watu wakija zahanati. Wanagonga. Wanasubiri. Wanaguna. "Ameshazoea huyu, anafungua anapotaka." "Atakuwa amekwenda mjini kwao." Wanaondoka. Wanakuja wengine. Wanagonga.

Siku ya tano likaja gari la wilaya kuleta chanjo. Ofisa wa chanjo hakuwa ndugu wa nesi wala jirani yake. Akakuta zahanati imefungwa. Akageuka, akatembea zile hatua ishirini, akasukuma mlango wa nyumba.

Wakamtoa wamembeba, wakamlaza kiti cha nyuma. Gari linataka kuondoka, mwenyekiti akaja mbio na karatasi mkononi, akaipitisha dirishani. Ilikuwa barua ya malalamiko, ina sahihi za wazee na muhuri wa kijiji: nesi ametelekeza kituo, tunaomba achukuliwe hatua. Ofisa akaisoma yote. Akamtazama yule mwanamke aliyefunikwa koti lake. Akaikunja barua, akamwambia dereva, "Twende."

Nesi alipona. Baada ya wiki tatu akarudi kijijini kuchukua mizigo, barua ya uhamisho, imeshakubaliwa, ikiwa kwenye mkoba. Safari hii hakuichana. Wakaitisha mkutano, maana taarifa ilikuwa imewafikia, na kina mama walikuwa wanalia. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema kwa uchungu wa kweli, "Binti yangu, wamekuongezea nini huko mjini? Tuambie. Tutajichangisha."

"Mshahara ni ule ule, baba."

"Basi ni ile nyumba? Mabati tutapiga leo hii, jua halijazama."

Nesi akasema, "Siku nne nilizolala pale ndani, waligonga watu kumi na saba. Niliwahesabu, sikuwa na kazi nyingine. Wote waligonga mlango wa zahanati. Hakuna hata mmoja aliyekuja kugonga wa kwangu. Hapo ndipo nilipojua mnanihitaji, lakini hamnijui. Mabati ningeyavumilia, baba. Hilo nimeshindwa."

Akawaaga mmoja mmoja, kwa majina, kwa sababu yeye alikuwa anawajua wote. Akaenda.

Sasa, msiseme amina. Amina ya haraka ni njia ya kutoroka. Nawauliza: nesi yule alikimbia nini? Alikimbia baridi? Alikimbia milima? Na wale watu kumi na saba walikuwa wabaya? Hapana! Walikuwa wagonjwa, wana watoto wenye homa mgongoni. Walikuwa watu kama sisi. Hiyo ndiyo habari mbaya. Sisi huomba Mungu atupe mtu, na akimleta tunapokea mikono yake, tunapokea sindano yake, yeye mwenyewe tunamwacha mvuani. Akiondoka tunasema hana wito. Je, na sisi wito wetu uko wapi? Au aliyeitwa na Bwana ni yeye peke yake?

Wiki tatu zilizopita, zahanati ya hapa kwetu imepata tabibu mpya, kijana mrefu, mwembamba. Wengi wenu mmeshapanga foleni mbele yake, nimewaona. Nani hapa anajua jina lake?

Nasubiri.

Nani anajua anakula wapi? Nani anajua kama ana mke, kama mama yake yu hai?

Msiangalie chini. Mimi mchungaji wenu sijui vilevile. Jumanne alinipa dawa ya kikohozi, nikasema asante, nikaondoka zangu. Leo ibada ikiisha, nakwenda kumgongea kule anakoishi. Atakayefuatana nami, maradhi yake ayaache nyumbani.