Joto Lililorudi

Mama mmoja alikuwa na wana wawili, na kuku tele uani. Alipofariki, kuku wakachinjwa msibani, wote isipokuwa tetea mmoja aliyekuwa akiatamia jikoni. Mbegu yote ya kuku wa mama ikabaki chini ya mbawa zake.

Mbonea, mwana mdogo, ndiye aliyekaa katika nyumba ile. Asubuhi moja alichukua yai, akaliinua kwenye tundu la ukuta ambamo jua liliingia. Ndani yake aliona nyuzi nyekundu zimetandaa kama mizizi, na katikati yake nukta inayodunda. Haikuwa na mdomo wala unyoya, lakini ilidunda. Akalirudisha yai taratibu. Tangu mazishi hakuwa ametabasamu. Siku hiyo alitabasamu.

Kisha akaja Kiangi, kaka yake, akasema mali ya mama ni ya mkubwa. Mbonea akasema kuku ni wa anayemlisha. Wakashikana mashati mbele ya majirani. Mwishowe Kiangi akamnyakua tetea, akaenda kumfunga mguu nyumbani kwake ng'ambo ya bonde. Mbonea akabaki na mayai. Alijua la kufanya: kuvuka bonde na kumwomba kaka yake. Hakwenda. Ukungu wa milima ya Upare ukaingia jikoni, naye akayafunika mayai kwa kanga ya marehemu, kana kwamba nguo ina joto la damu.

Siku chache baadaye wazee wa ukoo wakawakalisha. Wakapatana, wakakumbatiana wakilia. Kiangi akamrudisha tetea kwa mikono yake mwenyewe, naye tetea akayalalia mayai bila kinyongo.

"Unaona, mdogo wangu?" akasema Kiangi. "Hakuna kilichoharibika."

Mbonea akatoa yai, akaliinua kwenye mwanga. Mizizi ilikuwa imekatika. Ilibaki pete ya damu iliyoganda, na nukta imetulia. Akatoa jingine. Akatoa jingine tena.

"Joto limerudi, kaka," akasema. "Wa kulipokea hayupo."

Tetea hakujua. Aliendelea kuatamia, akikonda, hata mayai yakaanza kunuka, na kati ya ndugu wale hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Nanyi mnaosema mtapatana baada ya mavuno, mmeacha nini kwenye baridi?