Mbeleko ya Baiskeli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majirani na baiskeli, Nyati alifiwa na mkewe. Akabaki na binti yao mdogo, Chausiku.

Marehemu alimwachia neno moja tu: "Baba Chausiku, usisahau kumpaka mtoto mafuta kila asubuhi."

Nyati akalishika neno hilo. Alimpaka Chausiku mafuta ya nazi, akapaka mlango, akapaka jembe, akamalizia na baiskeli. Hata ile mipira ya kushikia usukani aliipaka ikang'aa. Msicheke, wanangu. Alikuwa anamkumbuka mkewe.

Lakini mipira ikalegea. Siku moja wakiteremka mlima kwenda shule, chopo! Mpira wa kulia ukachomoka. Pu! Wakaangukia miibani, Chausiku akachubuka goti.

"Umekauka huu," Nyati akasema, akauongeza mafuta ndani.

Jirani yao, Bi Kindi, aliyaona hayo kutoka mtini kwake. Roho ikamuuma. Kesho yake ilikuwa siku ya shule, na mlima ulikuwa palepale.

"Baba Chausiku, mafuta hayo ndiyo yanayouchomoa."

"Bi Kindi, wewe hata pedali huifikii. Utanifundisha mimi baiskeli?"

Bi Kindi akaenda zake. Kubishana na Nyati ni kusukuma ukuta. Jioni akarudi, mkia ameulegeza, uso ameukunja kwa huzuni.

"Jirani, nisaidie. Nikimbeba mwanangu mgongoni, ananiteleza. Na mafuta nimejipaka vizuri, naye nimempaka."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Mafuta mgongoni? Lazima aanguke. Jipanguse, mpanguse na yeye, kisha umfunge mbeleko."

"Kichwa changu kizito. Nionyeshe kwa hiyo baiskeli yako. Chuma kiwe mgongo wangu, mpira uwe mwanangu."

Nyati alipenda sana kufundisha. Akauchomoa mpira, akauosha ndani kwa sabuni, akakisugua chuma, akavikausha vyote.

"Haya, lete mbeleko."

"Sina, jirani."

Nyati akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa na kanga ya marehemu, ile aliyombebea Chausiku. Akachana ukingo wake taratibu, akauzungushia kwenye chuma, akausukuma mpira juu yake. Kwi, kwi, kwi. Akauvuta, haukutoka. Akauvuta tena kwa nguvu zake zote za nyati, haukutoka.

Akamgeukia Bi Kindi. "Mwanao yuko wapi?"

"Yuko juu amelala. Hajawahi kuanguka."

"Umenichezea, Bi Kindi."

"Nimekuchezea, jirani. Nampenda Chausiku."

Nyati hakukasirika. Machozi yalimtoka, akakaa kuufunga na mpira wa kushoto.

Asubuhi wakateremka mlima, fyuuu, Chausiku nyuma amemkumbatia baba yake. Mikono ya Nyati ikatulia kwenye usukani.

"Baba, leo hukuipaka baiskeli mafuta."

"Leo mama yako ameishika, mwanangu."

Basi nanyi mkumbuke: kumpenda mtu ni kujua lini umpake mafuta na lini umfunge mbeleko.