Vitu Vitano vya Luhende

Hii isome taratibu, halafu mtumie yeyote aliyewahi kuambiwa "tutakupigia."

Katika wilaya moja ya pamba na vumbi, ambako baiskeli ni nyingi kuliko mabomba ya maji, aliishi kijana anaitwa Luhende. Alikuwa na degree ya usafirishaji, upper second, na cheti chenyewe kiko ndani ya nailoni kisije kuliwa na mende. Mwaka wa nne sasa degree hiyo ilikuwa inapakia abiria. Siyo utani. Luhende aliwapakia watu kwenye keria ya baiskeli, stendi hadi hospitali, hospitali hadi stendi, na siku nyingine abiria mwenyewe ni mtu aliyesoma naye chuo, anamgonga begani na kumwambia, "Kaza mwana, Mungu yupo."

Mungu yupo, ndiyo. Aliyekuwa hayupo ni HR.

Siku moja shirika moja lenye magari meupe likatangaza kazi: Mkufunzi wa Usalama wa Waendesha Baiskeli. Ajira ya kudumu, ofisi yenye feni, bima ya afya kwa familia nzima. Mkewe, Kabula, alikuwa na mimba ya miezi saba na presha inayopanda. Pale penye bima alipasoma mara tatu, akamrudishia mumewe simu. Luhende akaelewa.

Waliomba watu mia nne na kumi na mbili. Baada ya mtihani wa maandishi wakaitwa wawili, Luhende na mwingine anaitwa Gervin. Interview ilikuwa ya vitendo: kila mmoja aje amevaa kama mwendesha baiskeli anayejua anachofanya, akaguliwe, aendeshe kilomita kumi hadi kituo cha mradi kando ya barabara kuu, kisha akaguliwe tena. Vitu vitano, mwanzo na mwisho.

Luhende alijipanga. Helmeti aliitoa mitumbani, akaigeuza juani kutafuta ufa, hakuona. Akaivaa ikakaa sawa, vidole viwili juu ya nyusi, mkanda wa kidevuni umebana kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Kizibao cha reflekta rangi ya limau, kile cha mafundi barabara, kinachoonekana hata na dereva mwenye usingizi. Glavu za ngozi, maana mtu akianguka hutanguliza viganja. Viatu vya kufunika, kamba amezichomeka ndani. Na miguu ya suruali akaikaza vifundoni kwa vipande vya mpira wa tyubu, kwa sababu alishawaona wengi ambao cheni ilikula pindo la suruali, na lami ikala meno yao.

Gervin alikuja na vitu vya kuagizwa nje: kaptula ya kubana, miwani inayong'aa kama mafuta juu ya maji, na helmeti ameivaa nyuma mbele. Bi. Editruda, mwenyekiti wa jopo, akampa tiki tano kwa tano.

"Madam, samahani, helmeti yake ameigeuza," Luhende akasema.

"Kijana, umekuja kwenye interview au umekuja kukagua wenzako?"

Gervin akacheka. "Relax, bro. Anti, naanza?"

Anti. Luhende alilisikia neno hilo, akalimeza.

Jopo likatangulia kwa gari, nao wakaondoka saa mbili asubuhi. Kona ya kwanza tu, Gervin akairusha baiskeli yake nyuma ya pikapu iliyokuwa inamsubiri, akapunga mkono, vioo vikapanda. Luhende akaendelea kukanyaga pedeli. Alijisemea kwamba mtu anayepelekwa na pikapu hawezi kujibu maswali ya barabara. Bado alikuwa na imani, maskini.

Kilomita ya sita akamkuta mzee mmoja amelala pembeni ya lami, baiskeli imempanda juu, dumu la maziwa linavuja. Koti lake refu lilikuwa limevutwa na cheni mpaka likajiviringisha kama kamba ya kisima. Kichwani alikuwa na uvimbe, viganja vimechubuka vibaya.

"Shikamoo baba. Usiinuke haraka."

"Marahaba. Koti lipo?"

"Lipo, limechanika. Unaitwa nani, baba?"

"Ng'wandu. Usiniangalie hivyo, jina langu silisahau kwa kuanguka mara moja."

Luhende akamchomoa koti kwenye cheni. Akamwambia arudi nyumbani apumzike.

"Nirudi na maziwa? Kituo cha kukusanyia kinafunga saa sita, mwanangu. Yakichacha, wajukuu wangu wale nini, pole zako?"

Hapo lori likapita karibu kiasi cha kumvua mzee kofia yake ya pama, honi ikilia baada ya kupita, kama kawaida yao. Kutoka pale hadi kituo cha maziwa zilibaki kilomita kumi na nne za malori ya namna hiyo.

Luhende akajua anachotakiwa kufanya, na akajua kitamgharimu nini. Akasimama hapo muda kidogo akitafuta sababu ya kuondoka. Akajiambia jopo ni watu wa usalama, wataelewa.

Akamfunga mzee pindo la koti kiunoni, na mipira ya tyubu akaikaza kwenye suruali ya mzee iliyokuwa inapwaya. Glavu akazivika juu ya viganja vilivyochubuka, mzee akilalamika kwamba anavalishwa kama mharusi. Kizibao kikafuata. Mwisho helmeti. Akapima vidole viwili juu ya nyusi, akafunga mkanda mpaka ukalia. Viatu peke yake ndivyo havikumtosha mzee.

"Nenda taratibu, baba. Nami natangulia, nina watu wananisubiri."

Sasa wewe unayesoma umeshaona mwisho wa hadithi. Mzee ni mkurugenzi mkuu aliyejigeuza, chini ya koti kuna suti, kijana anapewa kazi, tunasema amina. Pole. Mzee alikuwa mzee tu. Hakuna mkurugenzi anayependa kazi yake kiasi cha kulala kwenye lami.

Luhende alifika kituoni amelowa jasho, kichwa wazi. Gervin alikuwa chini ya feni na soda baridi, hana hata vumbi, ameshapewa tiki tano kwa tano mara ya pili.

"Umeondoka na vitano, umefika na kimoja," Bi. Editruda akasema, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Luhende akaeleza yote. Jopo likasikiliza kwa ile sura ya watu wanaosubiri chai.

"Ubinadamu ni mzuri," akasema Bi. Editruda, "lakini haumo kwenye fomu."

Kabla hajaandika, kengele ya baiskeli ikalia nje. Mzee Ng'wandu alikuwa anapita na dumu lake, amevaa kila kitu sawasawa, anang'aa kama limau juani. Mpiga picha wa mradi akaruka kutoka kitini.

"Madam, ona! Mwananchi amevaa full! Hii ndiyo impact!"

Wakamsimamisha, wakampiga picha mbele na ubavuni. Mzee akamwona Luhende mlangoni.

"Mbona mnanipiga mimi? Huyu ndiye aliyenivalisha."

Bi. Editruda akamtazama Luhende, akatazama saa. "Basi mimi si mtu mbaya. Mzee avue, wewe vaa, nikukague upya, na vifaa vibaki hapa pamoja na faili lako. Ukitimiza, nakuandika umefaulu, na alama zako za maandishi ziko juu. Una dakika tano."

Mzee hakusubiri kuambiwa mara mbili. "Chukua, mwanangu, ni vyako," akasema, vidole vikihangaika na mkanda.

Bima. Ofisi. Kabula. Luhende alinyoosha mkono kabisa. Na alipokuwa amenyoosha ndipo alipoona, nyuma ya meza ya jopo, maboksi yamepangwa hadi darini.

"Yale maboksi yana nini, madam?"

"Helmeti. Mia mbili. Na reflekta zake."

"Basi mpeni mzee moja, nami nichukue yangu."

"Haiwezekani. Zinamsubiri mgeni rasmi."

"Anakuja lini?"

"Tarehe itatangazwa. Kijana, boksi likifunguliwa kabla ya uzinduzi, mgeni rasmi atakata utepe wa nini? Dakika tatu."

Nje, lori likapita. Vioo vya ofisi vikatetemeka. Mzee alikuwa ameshalegeza mkanda, anamtolea helmeti kwa mikono miwili.

Luhende akaichukua. Akaishika. Kisha akaipachika tena kwenye kichwa cha mzee, kwa hasira, kama mtu anayefunika sufuria inayochemka.

"Funga huo mkanda, baba, na uondoke. Uondoke haraka kabla sijabadilika."

Mzee akaondoka. Bi. Editruda akaandika: Hakukidhi vigezo vya mavazi ya kinga. Gervin akaanza kazi Jumatatu. Picha ya Mzee Ng'wandu ikawa bango kubwa stendi, na chini yake maandishi: Amevalishwa na Mradi. Luhende akawa anapakia abiria chini ya bango hilo.

Jioni ile ya interview alimweleza mkewe yote, hakuficha. Alitegemea labda atamwambia amefanya vyema.

Kabula aliweka mkono juu ya tumbo.

"Ungemvua," akasema.

"Kabula, malori yale..."

"Nimesikia habari ya malori. Ungemvua, Luhende. Mimi nina mtoto humu."

Asubuhi Luhende akampakia kwenye keria, akampeleka kliniki, foleni ya wasio na bima.

Funzo: Helmeti iliyo ndani ya boksi haijamkinga mtu yeyote. Ukikabidhiwa vifaa vya kulinda watu, wavalishe leo, usingoje utepe. La sivyo wenye moyo watavua vya kwao, na watakaolipa ni wale wanaowasubiri nyumbani.