Udi wa Marehemu Twalibu

Hapo zamani, wala si zamani ya kuhesabia vizazi, ni zamani ya juzi tu, watu walipokwisha kuzitia nyimbo zao zote ndani ya kompyuta na kuanza kuzitafuta humo, palikuwa na mjane mmoja Ngamiani, Tanga, akiitwa Bi Mwanakheri. Mumewe, marehemu Twalibu, alikuwa mpiga udi na mwimbaji wa kilabu cha taarabu. Alimwachia nyumba, watoto watatu, udi uliotundikwa ukutani, na wimbo mmoja.

Udi, kila mtoto aliutaka. Wimbo aliutaka Bi Mwanakheri peke yake, na alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu.

Sababu yenyewe ninyi mtaijua kabla ya wanawe. Twalibu, kila alipokaribia ubeti wa mwisho, aliinamia udi wake na kunong'ona, "Haya, Kheri." Jina la chumbani. Ukumbini hakulisikia mtu ila mwenyewe aliyeitwa. Lakini maikrofoni ililinasa, na Bi Mwanakheri akalisikia kwenye kanda miaka na miaka, mpaka siku kanda ilipoliwa na redio. Sasa sikio lake la kushoto lilikwisha lala, la kulia lilikuwa linasinzia. Alitaka alisikie jina lile kabla la kulia nalo halijalala.

Awaambie wanawe? Mwanamke aliyelelewa akaleleka hawasimulii watoto mambo ya chumbani. Tena alimjua mwanawe mkubwa, Twaha: mwambie kuna mnong'ono, atausikia hata mtambo haujawashwa.

Basi akawaita, akasema, "Sauti ya baba yenu imenipotea. Atakayenirudishia nitamtunza, kama tulivyotunza ukumbini. Na nitakayemtunza, udi ni wake."

"Tutajuaje kama imerudi, Mama?" akauliza Mwatime, binti wa kati.

"Nikiinuka na noti, mtajua."

Maana ukumbini mtu hatunzi kwa kukusudia. Wimbo ukimfika huinuka mwenyewe, noti mkononi, akamwendea aliyemfikisha.

Akaanza Twaha. Twaha alikuwa msomaji wa majarida ya mitambo, na alizungumza kama majarida hayo. "Wimbo ndani ya kompyuta umelala kama hesabu, Mama. Panatakiwa kigeuzi cha kuzirudisha hesabu ziwe sauti. Hicho kilichomo humo ni cha hovyo, kinakoroma."

Na hapo, tuwe wakweli, hakudanganya. Kilikoroma.

Akaleta vigeuzi viwili kichaguliwe kimoja. Cha kwanza kidogo kama kiberiti. Cha pili kizito kama tofali, uso wa fedha, kimevuka bahari. Akatundika khanga mbele yake ili Mama achague kwa sikio, asichague kwa jicho. Akapiga kidogo, akapiga kizito.

"Hiki cha pili kina hewa," akasema nyuma ya khanga. "Kina joto. Mnalisikia joto?"

"Tanga hii?" akasema Hatibu, kitindamimba, kutoka mkekani. "Joto nalisikia bila kigeuzi."

Mwatime akaenda nyuma ya khanga, akachungulia. "Hicho chenye hewa umekifungulia sauti zaidi, kaka. Visawazishe."

Vikasawazishwa. Hewa ikatoweka, na joto likabaki la Tanga. Twaha akakiacha kile kizito palepale kwenye mtambo, kwa kuwa, alisema, kilikwisha unganishwa.

Bi Mwanakheri akasikiliza. Akasikia udi, akasikia fidla, na mkoromo umekwisha. Jina hakulisikia. Akainuka. Watoto wakamtazama mkono. Alikuwa anakwenda kufunga dirisha.

Akafuata Mwatime. "Wimbo wenyewe umeupata wapi, kaka?"

"Kwenye simu. Shangazi alinirushia."

"Na yeye karushiwa, na aliyemrushia karushiwa. Kila simu imeubana kidogo, mpaka imebaki mifupa. Kigeuzi hakirudishi nyama iliyokwisha tupwa."

Akaenda Pangani kwa Mzee Kidevu, aliyekuwa akimpigia Twalibu dumbaki. Mzee alikuwa na kanda yake mwenyewe, imekwisha nakiliwa nzima kwenye kompyuta, lakini hakuitoa hivihivi. Mwatime alikalishwa kutwa, akasimuliwa ugomvi wa vilabu ambao washiriki wake wote wamekwisha kufa, na akatakiwa aseme nani alikuwa na haki. Akasema. Akapewa wimbo.

Bi Mwanakheri akasikiliza. Akasikia udi, akasikia fidla, akasikia hata kidole kikiteleza juu ya uzi. Jina hakulisikia. Akainuka. Watoto wakamtazama mkono. Alikuwa anahama kochi. Akakaa, akahama tena, akavua ushungi, akajifunika.

"Mama, hebu tulia," akasema Twaha.

"Tulia wewe uliyekwisha sikia."

Akabaki Hatibu. Hatibu hakuleta kitu. Kazi yake ilikuwa kulala mkekani na kukosoa, na siku ile alikuwa na homa. Wimbo ukapigwa upya. Katikati yake akanung'unika, "Feni hii inanipiga kichwani," akanyoosha mguu, akaizima kwa kidole gumba.

Ilikuwa feni kuukuu ya kusimama, nayo ilizunguka mchana kutwa tangu msiba wa Twalibu, hata nyumba nzima ilikwisha sahau kwamba ina kelele. Ikapunguza mwendo, ikasimama. Chumba kikanyamaza. Wimbo ukaufikia ubeti wa mwisho.

"Haya, Kheri."

Bi Mwanakheri akainuka. Safari hii pindo la khanga lilikwisha funguliwa na noti imetoka. Akaenda kwa mwendo wa ukumbini, bega mbele, taratibu, mpaka katikati ya spika mbili. Pale palipotakiwa kuwa na mtu hapakuwa na mtu. Mkono ukabaki hewani.

"Udi ni wangu, Mama," akasema Twaha. "Bila kigeuzi changu ungesikia mkoromo mpaka leo."

"Hata kile cha kiberiti kingeuondoa," akasema Mwatime. "Bila safari yangu, kigeuzi chako kingetafuna mifupa."

"Mimi sisemi kitu," akasema Hatibu. "Nauliza tu kama niiwashe feni."

"Wewe ulitaka kulala," akasema Mwatime.

"Na Mama alitaka kusikia. Nani kati yetu amekosa?"

Twaha akashika waya. "Basi turudie, tupime kimoja kimoja. Mama, umesikia nini hasa?"

Bi Mwanakheri alijua kurudia hakutasaidia. Sikio lililokwisha jua jina linakaa wapi litalisikia sasa kwa kigeuzi chochote, hata feni izunguke. Wimbo ulikuwa umekwisha, wanawe wamesimama, udi umetulia ukutani, na mkono wake umeanza kuchoka.

Noti ni moja, udi ni mmoja. Yuko aliyeipa sauti njia, yuko aliyeifuata Pangani, na yuko aliyeinyamazishia chumba bila kukusudia. Na yule aliyemwendea kwanza, aliyeliita jina, hana mkono wa kupokelea.

Ninyi mliolijua jina kabla ya wanawe, mwambieni ageukie wapi. Je, nani alistahili?