Baiskeli ya Mwinjilisti Eliapenda

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, siku ya Ijumaa tarehe kumi na nne Machi, saa tano kasorobo asubuhi, Mwinjilisti Eliapenda wa kijiji cha Kwalutu, katika milima ya Upare, alifumba macho akaenda kwa Bwana wake. Alikwenda kwa utulivu. Kabla ya kwenda alicheka kidogo, akamwita mkewe, Mama Tumsifu, asogee karibu.

"Zile gia nilizonunua zifungwe," alisema. "Na baiskeli apewe yule atakayeifikisha Ivuga bila mguu kugusa chini."

"Nimekusikia, Baba Tumsifu."

Basi, hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Mtu mwingine angeacha wosia wa shamba. Yeye aliacha wosia wa gia.

Wa Kwalutu hawakushangaa. Ivuga ni kitongoji kilichoko juu kabisa, na wakazi wake wengi ni wazee wasioweza kushuka kanisani. Kila Jumapili Eliapenda aliwapandia na baiskeli yake kuwasomea neno na kuwaombea, na kila Jumapili mlima ulimshinda, akashuka na kusukuma. Bibi Nanzia na wenzake walimngoja ukingoni, wakitazama chini.

"Mwinjilisti!" Bibi Nanzia alimpigia kelele. "Leo wewe umeipanda baiskeli, au yenyewe ndiyo imekupanda?"

Wazee walicheka mpaka wakakohoa, na Eliapenda alicheka nao, jasho likimtoka. Ndipo akaenda mnadani akanunua seti ya gia za nyuma, za mtumba, gia ya mwisho ikiwa pana kama sahani ya chai. Gia kubwa namna hiyo hulainisha mlima. Aliziweka chini ya kitanda akingoja mvua ipungue. Mvua haikupungua, na homa ikamkuta.

Matanga yakawekwa. Katika siku hizo mdogo wa marehemu, Kadeghe, alifika kutoka mjini akiwa na kamba begani.

"Shemeji, pole sana," alisema. "Hii baiskeli nitaifunga juu ya basi siku tukivunja tanga. Mjini mnunuzi hakosekani."

"Ina neno lake, shemeji," Mama Tumsifu akajibu, akamweleza.

Kadeghe alitazama mlima, akatazama baiskeli, akacheka. "Ivuga bila kugusa chini? Basi ni yangu."

Na kweli, ndivyo desturi ilivyokuwa. Siku ya kuvunja tanga vitu vya marehemu hugawiwa, na kisichopata mwenyewe hurudi kwa ndugu zake. Mama Tumsifu hakulilia chuma wala matairi. Alichokitaka ni neno la mumewe litimie, na Ivuga wasikose mtu wa kuwapandia Jumapili. Usiku huo aliomba, akalala, na kulipokucha akaenda kumleta Fundi Sekiete nyumbani.

Fundi alifunga zile gia za mnadani. Kisha alisimama akikuna kichwa.

"Mama Tumsifu, gia ni kubwa, mkono ni mfupi."

Mkono aliousema ni kile chuma kinachoning'inia nyuma ya baiskeli, chenye vigurudumu viwili vidogo, ambacho huihamisha cheni na kuivuta isilegee. Wa Eliapenda ulitengenezwa kwa gia ndogo.

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Jambo dogo! Mkono mrefu ninao, umetundikwa dukani. Nautoa huu, nautia ule, tunakunywa chai."

Hapo wazee waliokaa matangani waliinuka kama walioumwa na siafu.

"Utoe nini?" akauliza Mzee Mshana, mhunzi, mtu wa ukoo wa wahunzi tangu mababu. "Cha marehemu hakitolewi mpaka tanga livunjwe. Gia alizisema mwenyewe, sawa. Mkono aliusema?"

"Hakuusema," Mama Tumsifu alikiri.

"Basi haubanduki. Kuongeza, ruksa. Kutoa, hapana."

"Lakini mzee, tanga likishavunjwa baiskeli itakuwa imeshapanda basi!" fundi akalia.

"Hiyo ni shida ya fundi, si shida ya desturi."

Kadeghe, pale barazani, alianza kuinyoosha kamba yake.

Akatafutwa wa kupanda. Vijana walikuwa na kazi ghafla, kila mmoja na yake. Nietiwe, binti wa kwaya ambaye kila wiki hushusha magunia ya tangawizi kwa baiskeli ya baba yake, akajifunga khanga kiunoni. "Leteni," akasema.

Akapanda. Mlima ulipokaza akaingiza gia kubwa. Krrr! Kigurudumu cha juu cha ule mkono kilikuwa kikisagana na meno ya gia. Krrr, krrr, kisha pedeli zikagoma. Nietiwe akaweka mguu chini.

"Umeshukaaa!" Bibi Nanzia akaita kutoka juu.

Mzee Mshana akaenda kuwasha moto. Akafua kipande cha chuma, urefu wa kidole gumba, akakitoboa huku na huku. Kikafungwa kati ya baiskeli na mkono, nao mkono ukashuka chini kidogo, ukaachana na gia kubwa. "Nimeongeza," mzee akasema. "Sikutoa kitu."

Nietiwe akapanda tena. Gia kubwa ikaingia bila kelele. Lakini cheni ilikuwa ya kipimo cha gia ndogo, na mkono sasa ulikuwa mbali zaidi. Cheni ikakaza, ikaunyoosha mkono mbele kama mbuzi anayevutwa sikio. Nietiwe akasikia chuma kikilia, akaweka mguu chini upesi kabla haujang'oka.

"Umeshukaaa!"

Fundi Sekiete akaongeza vipande vya cheni, akipima, akirudia, akimwomba Mungu. "Nimeongeza," akasema akimtazama Mzee Mshana. "Sikutoa kitu."

Nietiwe akapanda tena. Gia kubwa ikaingia, cheni haikukaza, mlima ukalainika. Watu walianza kuimba. Lakini katikati ya safari kuna korongo, na njia huteremka kabla ya kupanda tena. Kwenye mteremko Nietiwe alifanya kama anavyofanya kila mtu: akarudisha gia ndogo nyuma, na gia ya mbele, ile ya kwenye pedeli, ilikuwa ndogo vilevile. Cheni ilikuwa ndefu sasa, na mkono mfupi haukuweza kuivuta yote. Ikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, ikachomoka. Mguu chini.

"Umeshukaaa! Mwanangu, hata Mwinjilisti alikuwa anafika hapo!"

Safari hii fundi aliketi chini. "Hapa sina la kuongeza," akasema. "Mkono mfupi hauwezi yote. Ama mlima, ama mteremko."

Mzee Mshana naye alitikisa kichwa. Kesho yake tanga lingevunjwa. Mama Tumsifu alimtazama Nietiwe, naye Nietiwe alikuwa akiitazama njia, midomo ikicheza kama anayekariri wimbo.

"Mama," akasema, "kumbe ni kujizuia tu. Zile gia ndogo sizigusi."

"Na korongoni?"

"Korongoni nitacheka nikiteremka."

Asubuhi ya kuvunja tanga kijiji kizima kilikuwa njiani. Nietiwe akapanda. Kilimani akaingiza gia kubwa, akapanda. Korongoni vidole vilimwasha kubadilisha gia, hakubadilisha. Aliacha gia ya katikati, miguu ikizunguka mbio kama sindano ya cherehani, watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Ng'ambo ya korongo akapanda tena, polepole, khanga imelowa, Mama Tumsifu akikimbia nyuma yake, akilia na kucheka pamoja.

Kule juu, Bibi Nanzia alifungua kinywa aite, hakuona la kuita. Nietiwe alipita mbele yake mpaka mlango wa banda la kusalia, akashika ukuta kwa mkono, miguu ikiwa bado kwenye pedeli.

"Haleluya!" wazee wa Ivuga wakalipuka, na vigelegele vikashuka mpaka Kwalutu.

Kadeghe aliikunja kamba yake. "Sawa, shemeji, nimeshindwa. Lakini walioifikisha ni watatu, na kaka alisema apewe yule. Hakusema wale. Mpe mmoja, kama si hivyo tutagombana mpaka Krismasi."

Nietiwe akasema: "Aliyeifikisha ni mimi. Jasho hili ni la nani? Na fundi mwenyewe alisema haiwezekani. Mimi ndiye niliyejua kisichotakiwa kuguswa, nikakiacha."

Fundi Sekiete akasema: "Mwanangu, miguu unayo, lakini bila cheni yangu mkono ungeng'oka na wewe ungekuwa korongoni sasa hivi. Halafu kesho ikiharibika, nani ataitengeneza? Baiskeli ni ya anayeijua."

Mzee Mshana akasema: "Mlianza nyote, mkakwama kwenye krrr. Nani aliyeondoa krrr? Tena mimi ndiye niliyeilinda heshima ya marehemu. Bila mimi mngeweka mkono wa dukani, na baiskeli iliyofika hapa isingekuwa ya Eliapenda."

"Basi kama si yangu," fundi akasema, "naondoa cheni yangu. Tanga limevunjwa, kutoa ni ruksa."

"Nami nachukua chuma changu."

"Nami miguu yangu naondoka nayo," akasema Nietiwe, "na Jumapili mtaona nani atawapandia."

Bibi Nanzia alipiga makofi. "Toeni, toeni! Kila mtu achukue chake, tubaki na Kadeghe na kamba."

Watu walicheka, kisha wakamgeukia Mama Tumsifu. Yeye alikuwa ameweka mkono juu ya kiti cha baiskeli, kile kiti kilichochakaa upande mmoja kwa sababu mumewe alikaa mshazari. Aliwatazama watatu wale. Wote aliwapenda. Wote walikuwa wamemtendea wema katika siku zake za machozi. Neno la mumewe lilitaka mtu mmoja.

Enyi mnaosikiliza, Mama Tumsifu bado ameshika kiti. Aliyeushusha mkono, aliyeirefusha cheni, na aliyejizuia korongoni: je, nani alistahili?

Na mnapobishana, msimsahau aliyetuachia ubishi huu. Ee Mungu wa rehema, mpokee mtumishi wako Eliapenda, umsamehe alipokosa, umpumzishe palipo na amani yako, nasi tuliobaki ututie nguvu mpaka tuonane naye. Amina.